Mti Uliopigwa Deki

Hospitali nzima ilimwita Mama Deki, kuanzia mganga mkuu hadi mgonjwa aliyelazwa asubuhi ile ile, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mfanya usafi wa wodi ya wazazi, na kama hujawahi kuona mtu anayepiga deki kwa mapenzi, basi hukuwahi kulazwa wodi yake. Sakafu ile ungeweza kuilalia bila shuka. Daktari mwenye viatu vya tope alisimama mlangoni kama mtoto wa shule aliyechelewa, anangoja aambiwe apite. Hata siku ya kumuaga, watu wanampigia makofi na zawadi yake iko mezani, macho ya Mama Deki yalikuwa kwenye kona ya ukumbi, kwenye utando wa buibui ambao mtu fulani alipaswa kuwa ameshauona.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye nyumba isiyo na uchafu, umemmaliza.

Ndiyo yaliyomkuta. Mumewe alishafariki zamani. Chumba alichopanga karibu na hospitali alikirudisha kwa mwenyewe alipostaafu, na mwanawe wa pekee, fundi wa mafriji, akamfuata na gari la kazini akamwambia, "Mama, njoo upumzike kwetu kidogo." Kidogo. Mama Deki alitembea na neno hilo kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu. Kidogo ni wiki? Ni mwezi? Hakuuliza. Mtu mzima haulizi swali kama hilo kwenye nyumba ya mwanawe, seuze ya mkwewe. Unakaa, unangoja uambiwe. Na hakuna aliyemwambia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa nyumba za watumishi wa kituo cha utafiti wa mimea, pale ambapo barabara inakata tamaa na msitu unaanza. Mke wa fundi ndiye aliyekuwa mtumishi wa kituo. Alikuwa mtafiti, mwembamba, mpole, mwenye miwani, na mwenye tabia ya kuosha kikombe chake kabla hakijapoa. Kwa mtu mwingine yeyote tabia hiyo ingemfurahisha Mama Deki. Kwa mkwe wake ilimwacha hana kazi. Akishika ufagio, anaambiwa, "Acha tu, mama, nitafagia mimi. Wewe pumzika." Akiinamia ndoo, "Pumzika, mama." Alipumzika mpaka viungo vikamuuma.

Na tusimsingizie binti wa watu. Hakuwahi kumkosea adabu hata siku moja. Alimwamkia, alimpikia, alimwachia kiti kile kizuri cha dirishani. Ila walikaa kama watu wawili kwenye foleni ya benki, heshima tele, maneno hakuna. Umelala vizuri, mama? Vizuri, mwanangu. Baridi haikukusumbua? Haikunisumbua. Basi, chai imekwisha, mtafiti huyo anavaa mabuti yake anaelekea msituni, na mama mtu mzima anabaki akihesabu vigae vya jikoni.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu, aambiwe akae. Na kwa akili yake, iliyofunzwa na kazi, mtu huambiwa akae mahali pale ambapo ana faida. Kwa hiyo alikuwa anatafuta faida nyumba nzima, chini ya kitanda na nyuma ya kabati, na haipati.

Siku moja wakiwa mezani, mwanawe akaanza uchokozi wake. "Mama, unajua mkeo mwenza wako huyu ana mpenzi msituni?"

"Mkeo mwenza ndiyo nini, wewe? Kiswahili gani hicho?" mama yake akamkata.

"Basi mkweo. Kila asubuhi anamkimbilia. Mimi hata kuagwa siku hizi siagwi."

Mkwe akacheka, na Mama Deki akashangaa jinsi uso ule ulivyofunguka. "Ni okidi, mama. Iko bondeni, kwenye mti ulioinamia kijito. Nimeingoja miaka miwili ichanue. Ua lake sijaliona, na bila ua siwezi kusema kwa uhakika ni ya aina gani. Huenda ni ile ambayo wenzangu wanadhani ilishatoweka kwenye msitu huu."

"Na mwaka huu itachanua?"

"Wiki hii au ijayo, Mungu akijalia."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyowahi kuambiana tangu afike. Mama Deki alikwenda kulala nayo. Simu ya mkwe ilikuwa imeita kabla hajaeleza okidi hiyo ikoje, lakini hilo halikumsumbua, kwa sababu okidi alizijua. Mganga mkuu alikuwa nayo moja mezani kwake, kwenye chungu cheupe, maua ya zambarau makubwa kama sahani za kikombe na majani mapana yanayong'aa. Na yaling'aa kwa nini? Kwa sababu yeye, Mama Deki, alikuwa anayafuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu. Hakuna mtu pale kituoni, akajiambia, ambaye angemfundisha kitu kuhusu okidi.

Kesho yake mkwe alikuwa na kikao mjini mpaka saa ya chakula cha mchana. Mama Deki akasema aende akaione hiyo okidi, ili wakikaa tena mezani awe na la kuongea. Nia ilikuwa hiyo tu, naapa. Ndoo, kitambaa na brashi alivibeba kwa mazoea, maana hakuwa mtu wa kwenda mahali mikono mitupu.

Mlinzi wa msitu alikuwa amekaa kwenye benchi lake pale njia inapoingia. "Wewe ndiye mama wa mtafiti?" akauliza.

"Mama mkwe."

"Basi ni mama. Mti anaoukagua una utepe mwekundu. Fuata kijito, angalia utelezi."

Bondeni kulikuwa na baridi ya aina yake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka, ulikuwa umekaa juu ya maji kama mvuke wa sufuria, na miti yote ilikuwa imevaa. Siwezi kusema vingine. Kila gome lilikuwa na manyoya ya kijani, yale yanayoota kwenye kuta za kisima, na matawini yananing'inia mandevu ya kijivu yanayomgusa mtu shingoni. Mama Deki alipita akijikunyata. Roho yake ilikuwa inasema hapa hajawahi kupita mtu na brashi.

Mti wa utepe ulikuwa mwembamba, umelala kidogo juu ya kijito. Akauzunguka. Ua, hakuna. Jani la okidi, hakuna. Akatazama juu, akatazama chini, akavaa miwani, akavua. Kitu pekee kilichokuwepo, kwenye tawi lililokuwa usawa wa kifua chake, ni rundo la nyuzi za kijivu nene kama tambi, zimejisokota vile nywele zinavyojisokota kwenye bomba la bafuni. Zilikuwa kavu, hazina rangi. Na juu ya nyuzi hizo kulikuwa na vijiti vyembamba vilivyojaa vipele vyeupe, vimejipanga kama vile vimepangwa na mtu.

"Mayai ya wadudu," Mama Deki akasema kwa sauti. Kisha akaelewa kila kitu, au ndivyo alivyodhani. Kumbe ndiyo maana binti wa watu anangoja miaka miwili. Ua litatokaje, limekaliwa na uozo huu?

Akakunja mikono ya gauni, akaanza kazi.

Alivuta nyuzi zile moja moja, kwa subira, maana zilikuwa zimeng'ang'ania gome kwa nguvu ya ajabu. Vipele vyeupe alivibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kimoja baada ya kingine, asibakize hata kimoja kikaja kutotoa. Manyoya ya kijani akayasugua yote, kuanzia shinani hadi pale mkono ulipofika. Sabuni hakutumia, alijua maua hayapendi sabuni, na hapo angalau tumpongeze. Takataka zote akaziweka kwenye mfuko na kuufunga fundo, vile taka za wodi zinavyofungwa. Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache kuutazama mti. Ulikuwa unang'aa. Miti mingine yote pale bondeni ilionekana haijaoga.

Alirudi nyumbani anaimba.

Mkwe aliporudi mchana alikuta chai imeshawekwa mezani. Mama Deki alijitahidi angoje akae kwanza, akashindwa. "Mwanangu, leo nimekusaidia. Ule mti wako wa utepe, nimekusafishia."

Kikombe kikasimama njiani. "Umeusafisha vipi, mama?"

"Nimeusugua wote. Kulikuwa na minyuzi mikavu imeukaba, nimeitoa. Na mayai ya wadudu."

"Mayai meupe? Kwenye vijiti?"

"Hayo hayo. Sikubakiza hata moja."

Mkwe akateremsha kikombe, kikapiga ukingo wa meza, chai ikamwagika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Hakuifuta. Mwanamke ambaye tangu Mama Deki aje hajawahi kuacha tone likauke, aliiangalia chai ile ikienda na hakuinua mkono. Hapo Mama Deki akajua kuwa ameingia kwenye balaa, ila hajajua ni balaa gani.

"Haina majani, mama," mkwe akasema polepole. "Ile okidi haina majani, haijawahi kuwa nayo. Ni mizizi tu. Mizizi ndiyo inayokula jua, ndiyo inayokunywa ukungu. Hizo nyuzi ndizo zilikuwa okidi yenyewe. Na vile vipele..." Hakumaliza. Alivua miwani, akafunika uso kwa viganja, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Vilikuwa vitumba. Miaka miwili ya binti wa watu, yeye kaibana kwa kidole gumba. Mama Deki alitamani ardhi ipasuke aingie. Alisimama na birika mkononi, hajui aliweke wapi.

"Umezitupa wapi?" mkwe akauliza kutoka nyuma ya viganja.

"Pipani, nyuma ya nyumba. Nimezifunga."

"Hazijachomwa?"

"Mwanangu... mume wako hajarudi, nani azichome?"

Mkwe alishafika mlangoni. Mama Deki akamfuata mbio na magoti yake yale. Fundo lilikuwa gumu, fundo la hospitali, na mkwe alipolishindwa Mama Deki akalifungua kwa meno. Wakazimimina nyuzi kwenye beseni la maji, mkwe akizitenganisha kwa ncha za vidole, zilizokatika huku, nzima huku. Nzima hazikuwa nyingi.

"Angalia, mama."

Mama Deki akainama. Kijivu kile kilikuwa kinaondoka. Polepole, kadiri maji yalivyoingia, chini ya ngozi ya mizizi ile ikatokeza rangi ya kijani, kijani kibichi kabisa, kama cha mchicha unaomea. Alikaa chini kwenye saruji bila kuangalia kama pana vumbi.

"Kilikuwa hai," akasema. "Muda wote ule ninakivuta, kilikuwa hai."

Mkwe akachagua mizizi iliyobaki nzima, akaiacha majini.

Wakarudi bondeni na beseni. Mama Deki akaenda moja kwa moja kwenye lile tawi lake linalong'aa, lakini mkwe akatikisa kichwa. "Hapo haiwezi kukaa tena. Umepasugua."

"Si ndiyo pasafi?"

"Ndiyo tatizo. Ule uchafu ndio nyumba yake, mama. Haya manyoya yanaihifadhia maji. Ndani ya gome kuna kuvu, ndogo mno huwezi kuziona. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haijabeba hata chakula cha njiani, kuvu hizo ndizo zinazoilisha mpaka iote. Na ukungu unapanda kutoka kwenye maji hapo chini. Kitu kimoja kikiondoka, nayo inaondoka." Alisema bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mama Deki akatazama bonde lile upya, mandevu, manyoya, madoa ya kila rangi kwenye kila gome. Vyote ambavyo mkono wake ulikuwa unawasha kuvifuta, vilikuwa kitanda cha mtu. Akaona kwamba angepewa ndoo na siku za kutosha, angeliua bonde zima kwa nia njema.

Walipata tawi jingine, lililokuwa juu ya pale mkono wake ulipofika asubuhi, mkwe akaliinamisha. Mkwe alipojaribu kuifunga mizizi pale kwa kitambaa laini, kitambaa kikamponyoka mara ya kwanza na ya pili.

"Nipe mimi," Mama Deki akasema.

"Isibanwe, mama."

"Haitabanwa."

Alikuwa ameshatazama wauguzi wakifunga vitovu vya watoto wachanga maisha yake yote. Akafunga vile vile, bila kubana na bila kulegeza, mkwe akimshikia tawi, vichwa vyao vimekaribiana.

Jioni fundi aliporudi, akasimuliwa mlangoni, na akafanya kosa la kucheka. "Mama, yaani umeupiga deki mti?" Wanawake wote wawili wakamtazama. Akasema anakwenda kuangalia friji, ingawa friji lilikuwa zima, na akakaa nalo muda mrefu.

Asubuhi Mama Deki alikuwa anakunja nguo kitandani. Mkwe akasimama mlangoni, mabuti mkononi.

"Hilo begi la nini, mama?"

"Ninaondoka, mwanangu. Nimekaa vya kutosha. Nina mdogo wangu, atanipokea." Mdogo mtu huyo alikuwa na nyumba yenye wajukuu wamelala mpaka sebuleni, lakini hilo halikuwa na haja ya kusemwa.

Mkwe akaweka mabuti chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wa mtu, akasahau adabu.

"Unaondoka? Umeing'oa okidi yangu kwa mikono yako, halafu unafunga begi? Nani ataimwagia maji asubuhi na jioni? Mimi nashinda maabara. Mwanao hata nyanya alizopanda kwenye kopo dirishani zimemfia. Huendi popote. Utakaa hapa hapa mpaka ichanue."

Mama Deki aliganda, gauni nusu limekunjwa. "Itachanua lini?"

"Najua mimi? Mwaka huu ndiyo basi tena. Mwakani haiwezi, itakuwa bado inajishikiza. Labda mwaka wa tatu. Labda wa tano. Labda isichanue kabisa, na wewe utakuwa bado upo unaimwagia maji."

Utakaa hapa hapa. Wiki zote zile alikuwa analingoja neno hilo lije kwa upole, pengine na chai, pengine mwanawe akikohoa kwanza. Limekuja kwa hasira, limekuja kama hukumu ya mahakama, na Mama Deki akalipima moyoni akaona halikupungua kitu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mkwe akashtuka. "Jamani, mama, nisamehe. Sikupaswa kusema hivyo."

"Usilirudishe," Mama Deki akasema upesi. "Ulivyolisema, liache hivyo hivyo."

Mkwe akaja akakaa naye kitandani, akalisogeza begi wapate nafasi. "Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Kuwa nayo, mwanangu. Ni haki yako."

"Haitaisha leo."

"Basi tutakaa nayo."

Mkwe akaegemeza kichwa begani kwake, ghafla, kama mtu aliyeishiwa nguvu. Mama Deki hakusogea hata bega lilipoanza kufa ganzi.

Tangu siku hiyo anakwenda bondeni asubuhi na jioni na chupa ya kunyunyizia. Mlinzi humsalimu "mama wa mtafiti", naye siku hizi hamsahihishi. Haguzi kitu, mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi, isipokuwa ule mmoja wenye chupa. Mvua zilipoanza, mkwe alimwonyesha mzizi mmoja uliokuwa umetoa ncha mpya, ndogo, ya kijani, imeinama na kulibana gome yenyewe bila kufungwa. Imeshika, mkwe akasema, akamkumbatia pale pale kwenye matope.

Mama Deki alifurahi siku nzima. Jioni, alipobaki peke yake na mti, wasiwasi ukamwingia. Akageuka kuhakikisha mlinzi yuko mbali, akasogeza mdomo karibu na lile tawi.

"Vizuri sana, mwanangu," akanong'ona. "Shika hivyo hivyo. Lakini habari ya kuchanua, usiikimbilie. Wewe chelewa. Chelewa kadiri upendavyo."

Kisha akainyunyizia maji.